Simu ni ya mama, mtumiaji ni mtoto

Kanuni za kulinda watoto mtandaoni huuliza umri wa mwenye laini. Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, swali hilo halimfikii mtoto aliyeishika simu.

Na MWANDISHI WETU

MVUA ya alasiri imekatika na moshi wa kuni unapanda kutoka kambi za wachumaji majanichai kandokando ya barabara ya Kericho kwenda Litein. Huu ndio wakati mama anapoingia nyumbani. Eproni ya plastiki inatundikwa msumarini, sufuria inabandikwa jikoni, simu inawekwa mezani.

Haikai hapo. Mtoto wa Gredi ya 4 ameingoja tangu atoke shule, na ana sababu ambayo hakuna mzazi wa kuikataa: mwalimu ametuma kazi ya jioni kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Vidole vya mchumaji huwa vyeusi kwa utomvu wa chai na vimechubuka kwa kazi, hivyo kile kitufe cha kusoma alama ya kidole mara nyingi hakivitambui. Simu hufungwa kwa mchoro unaoburutwa juu ya kioo, mistari mitatu minne tu, na mchoro huo huacha alama ya mafuta. Mtoto huinamisha simu kwenye mwanga wa taa, akaisoma alama, akafungua.

Ugali unapoiva, picha ya mmea aliyotumwa kuitafuta imeshachorwa daftarini, naye yuko YouTube, kwenye video ya tano au ya sita ambayo hakuichagua mwenyewe. Kutoka hapo hadi TikTok, kwa akaunti aliyofunguliwa na binamu, ni kugusa tu. Kwa mitambo ya kampuni hizo, aliyeshika simu ni mwanamke mtu mzima mwenye kitambulisho, laini iliyosajiliwa na akaunti ya M-Pesa.

Kenya haikosi sheria ya kumlinda mtoto huyu. Ina Sheria ya Watoto ya 2022, ina sheria ya uhalifu wa kompyuta, ina mwongozo mpya wa Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Karibu zote zimeandikwa kana kwamba mtoto ana simu yake na jina lake. Katika kaunti hizi mbili, ambazo sensa ya 2019 ilizihesabia zaidi ya watu milioni 1.7, mtoto wa shule ya msingi huingia mtandaoni akiwa amevaa jina la mzazi.

Simu iliingiaje nyumbani

Ni wazazi wachache hapa walionunua simu ya kisasa kwa ajili ya mtoto. Walitaka M-Pesa, walitaka kuwaona jamaa walio Nairobi, walitaka kuwa kwenye kundi la kanisa na la chama. Mkulima mdogo huingoja bonasi ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, mwezi Oktoba, na simu ni miongoni mwa vitu vinavyonunuliwa wiki hiyo Litein, Mogogosiek au Silibwet.

Mwaka wa 2020 Safaricom na Google walileta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G ya kulipiwa Sh20 kwa siku. Hata asiye na mche wa chai wake mwenyewe aliweza kuipata.

Mwaka huohuo, mwezi Machi, shule zilifungwa kwa sababu ya Covid-19, na madarasa mengi yakakaa nyumbani hadi Januari 2021. Masomo yakahamia redioni, kwenye runinga na kwenye simu. Simu iliyokuwa ikifichwa kabatini ikawa kifaa cha shule, na shule zilipofunguliwa haikurudi kabatini.

Serikali nayo ilikuwa na ahadi yake. Kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza kiliahidiwa kwenye kampeni za 2013. Kuanzia 2016 vilianza kufika vishikwambi, zaidi ya milioni moja nchini kote, vikiwa na masomo yaliyopakiwa tayari kwa ajili ya madarasa ya chini. Ndani yake mtoto hawezi kukutana na mgeni. Lakini vifaa hivyo hulala shuleni, chini ya kufuli.

Kwa upande wa pili, mtaala wa umilisi ulioenea nchini mwaka wa 2019 unataja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja kati ya umilisi saba wa msingi. Mtoto anatakiwa ajue kutafuta, kupiga picha, kurekodi, kuwasilisha. Mtaala unadai, kifaa cha serikali kimefungiwa kabatini, na pengo lililo katikati limejazwa na simu ya mama.

> "Mtaala unadai, kifaa cha serikali kimefungiwa kabatini, na pengo lililo katikati limejazwa na simu ya mama."

Karani wa nyumba

Kuna jambo ambalo washauri wa usalama wa mtandaoni hulipita haraka wanapowaambia wazazi "wafuatilieni watoto wenu". Katika nyumba nyingi za ukanda wa chai, mtoto ndiye anayemfuatilia mzazi.

Yeye ndiye husoma ujumbe wa M-Pesa kwa sauti na kumweleza mama salio. Ndiye hutuma pesa ya duka, huku mama akimtajia PIN kutoka jikoni. Ndiye humsomea nyanya, au kogo kama Wakipsigis wanavyomwita, ujumbe wa kiwanda kuhusu kilo alizopeleka mwezi huo. Watoto wengi hapa hulelewa na nyanya, wazazi wakiwa kazini mbali, na simu ya kisasa aliyoletewa na mwanawe huwa kwa kweli ya mjukuu.

Mtoto wa miaka tisa anayejua PIN, anayejua kufuta ujumbe, anayejua kupakua mchezo, ndiye fundi wa nyumba. Kumwambia kogo aangalie historia ya utafutaji ni kumpa kazi ambayo itabidi amwombe mtoto huyohuyo amfanyie.

Hasara ya kwanza huwa ya fedha. Michezo ya bure hulipwa na matangazo, na matangazo hayo hayajui kwamba mwenye kidole ana miaka tisa. Yapo ya mikopo ya simu, yapo ya kamari. Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini kampuni ya kamari inaona laini ya mtu mzima na PIN sahihi.

Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa kulinda watoto. Mzazi wa Bomet aliyekuta deni asilolijua kwenye simu yake hakuhitaji kuelezwa kwa nini.

Mtu anayemjua

Fedha hulipwa. Hasara nyingine hailipiki.

Mwaka wa 2021 shirika la ECPAT, Interpol na UNICEF walitoa utafiti kuhusu unyanyasaji wa kingono wa watoto mtandaoni nchini Kenya. Uliwahoji watoto wa miaka 12 hadi 17, na asilimia 67 kati ya rika hilo walipatikana kuwa watumiaji wa intaneti. Walikuwepo walioahidiwa pesa au zawadi ili watume picha zao za mwili, na walikuwepo waliotishwa kwa picha walizokwisha kutuma.

Mambo mawili katika utafiti ule yanawahusu moja kwa moja wasomaji wa Kericho na Bomet. La kwanza ni kwamba mara nyingi mkosaji alikuwa mtu ambaye mtoto alimjua tayari. Wazazi huogopa mgeni wa Ulaya aliyejificha nyuma ya skrini. Huyo yupo. Lakini anayeweza kumwandikia mtoto wa kambini saa mbili usiku, akijua kwamba mama amelala kwa uchovu, ni mtu mwenye nambari ya mama: kijana wa bodaboda anayempeleka shule, binamu, jirani, mfanyakazi wa dukani, mtu wa kanisani.

La pili ni umri. Utafiti ulianzia miaka 12. Mtoto wa Gredi ya 4 ana miaka tisa au kumi. Hakuulizwa, kwa hiyo hayumo kwenye hesabu. Tunazungumza juu ya watoto wa shule za msingi huku takwimu zetu bora zikianzia pale shule ya msingi inapokaribia kuisha.

Namna inavyofanyika haina maajabu. Huanza na bando. Mtu anamtumia mtoto Sh20 za data, anamsifu kwa picha aliyopigwa siku ya michezo, anamwomba nyingine. Halafu anaomba ya bila sare. Mtoto akishatuma moja, lugha inabadilika: tuma nyingine, la sivyo mama ataiona hii. Ujumbe huwekwa wa kujifuta wenyewe, au mtoto huufuta, maana kufuta anajua. Asubuhi mama anaichukua simu yake, anaenda nayo shambani, mfukoni, na hana habari.

> "Mama anaichukua simu yake, anaenda nayo shambani, mfukoni, na hana habari."

Ukanda huu umeshajifunza kwa uchungu jinsi unyanyasaji unavyojificha penye mamlaka na mazoea. Februari 2023 BBC ilionyesha jinsi zaidi ya wanawake 70 walivyosimulia kunyanyaswa kingono na wasimamizi wao katika mashamba makubwa ya chai, yakiwemo ya Kericho. Walionyanyasa walijulikana kwa majina. Walionyanyaswa walinyamaza kwa sababu waliogopa kupoteza kazi. Mtoto mwenye picha yake mikononi mwa mtu hunyamaza kwa hofu ya namna hiyohiyo.

Machi 2025 BBC hiyohiyo ikatoa uchunguzi kuhusu matangazo ya moja kwa moja ya TikTok nchini Kenya: wasichana, baadhi yao wa miaka 15, wakifanya vitendo vya kingono ili watupiwe zawadi za mtandaoni, na kampuni ikikata sehemu kubwa ya fedha hizo. Walitumia mafumbo ya mitaani ili mitambo ya uchujaji isiwatambue. TikTok ilisema haivumilii unyonyaji. CA iliitaka iondoe maudhui hayo na ieleze yalipitaje.

Ikiwa mafumbo ya Kiswahili na Sheng yalipita, mzazi wa Konoin asitegemee kwamba mtambo ulioko ng'ambo utamkamata anayemwandikia mwanawe kwa Kipsigis.

Kanuni zinazomtafuta mwenye laini

Mwezi mmoja baadaye, Aprili 2025, CA ilichapisha mwongozo wa kulinda watoto mtandaoni kwa kampuni za mawasiliano na huduma za kidijitali, na kuzipa miezi sita kujipanga. Kampuni zinatakiwa ziwe na njia za kuthibitisha umri, sera za kulinda watoto na mahali pa kupokea malalamiko. Anayesajili laini anatakiwa aseme kama itatumiwa na mtoto.

Ni hatua nzuri kwa familia ya Nairobi inayomnunulia mtoto simu yake Krismasi. Mama wa kambini anaposajili laini, anasema ni yake, na anasema kweli.

Hali ni ileile kwenye programu zenyewe. Facebook, TikTok na WhatsApp zinataka mtumiaji awe na miaka 13. Swali huulizwa mara moja, akaunti inapofunguliwa. Haliulizwi tena saa moja usiku simu inapobadilisha mikono.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka data ya mtoto ichakatwe kwa idhini ya mzazi na inataka pawepo njia za kuthibitisha umri. Yaani wajibu huu umekuwapo tangu 2019. Kampuni hizi hujua mtu anapohama kutoka video za mahubiri hadi katuni ndani ya dakika mbili. Zinajua kwa sababu hubadilisha matangazo papo hapo. Kusema haziwezi kutambua kwamba mtoto ameshika simu ya mzazi ni vigumu kukubalika, na CA haina budi kuzibana kwenye neno hilo: simu ya pamoja itajwe ndani ya mwongozo, na kampuni zieleze zinafanya nini kuihusu.

Kufunga au kufundisha

Wako wanaotaka mlango ufungwe kabisa. Agosti 2023 ombi la kupiga marufuku TikTok liliwasilishwa katika Bunge la Taifa, na wabunge wengi waliosimama kulizungumzia walilia na maadili ya vijana. TikTok haikufungwa. Desemba 2025 Australia ikaanza kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na hoja ya kuiga mfano huo imeshafika kwenye mabaraza na mimbari za hapa.

Ninaielewa hamu hiyo. Mzazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kurudi jioni hana nguvu ya kujadiliana na skrini. Anataka mtu aizime. Lakini marufuku ya Australia imejengwa juu ya akaunti, na akaunti hapa ni ya mama. Mtoto wa Sotik angebaki pale alipo.

Wanaharakati wa haki za kujieleza wana wasiwasi mwingine. Oktoba 2025 Rais alitia saini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa kompyuta, yanayowezesha kufungwa kwa tovuti zenye maudhui haramu, yakiwemo ya ngono ya watoto. Mahakama Kuu ilisimamisha baadhi ya vifungu mwezi huohuo, baada ya walalamishi kudai vingetumika kunyamazisha watu. Vifungu hivyo vilihusu unyanyasaji wa mtandaoni kwa jumla. Hata hivyo, mzozo huo umeacha doa: kila serikali inapotamka "kulinda watoto", sehemu ya wananchi husikia "kudhibiti wakosoaji". Watoto ndio wanaopoteza katika kutoaminiana huko.

Kisha wako walimu. Wengi wao husema kinga ya kudumu ni kumfundisha mtoto mwenyewe, mapema, kwa lugha anayoielewa. Nakubaliana nao, kwa sharti moja. Shule ianze kwa kutazama mlango ilioufungua yenyewe.

Kazi ya jioni inayotumwa kwa WhatsApp ndiyo pasipoti ya mtoto kuingia mtandaoni. Mwalimu anayo hoja. Ruzuku ya serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mwaka, tena huchelewa. Karatasi na wino ni ghali, WhatsApp ni rahisi. Madarasa ni makubwa. Hata hivyo, kazi ya kuchora mmea inaweza kuandikwa ubaoni na kunakiliwa daftarini, na mmea wenyewe uko nje ya dirisha. Ukanda wenye udongo na mvua kama huu hauna haja ya kumtuma mtoto akatafute jani kwenye intaneti.

> "Kazi ya jioni inayotumwa kwa WhatsApp ndiyo pasipoti ya mtoto kuingia mtandaoni."

Tangu Januari 2023 Shule ya Sekondari Msingi imewekwa ndani ya shule za msingi. Mtoto wa miaka sita anacheza uwanja mmoja na wa miaka 14, na ujuzi wa simu hushuka kwa kasi kutoka juu hadi chini. Walimu wakiwaandaa wanafunzi wa Gredi ya 8 na ya 9 wawe wa kuwaonya wadogo, mafunzo yatafika mahali ambapo semina ya siku moja haifiki.

Sare, beji na jina

Kosa moja ni la watu wazima peke yao, nalo ni picha.

Siku ya zawadi, siku ya michezo, safari ya kutembelea kiwanda cha chai: picha hupigwa na kurushwa Facebook kabla gari halijarudi shuleni. Mtoto yuko kwenye sare, beji ya shule inasomeka, jina lake limeandikwa chini yake kwa sababu amekuwa wa kwanza. Mtu mwenye nia mbaya anapata kwa mkupuo mmoja sura, jina, darasa na mahali pa kumpata saa kumi jioni.

Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Uamuzi ule unazihusu shule za Kericho na Bomet kama unavyozihusu za Nairobi. Fomu ya idhini ni ukurasa mmoja. Na hata idhini ikiwapo, jina na uso havina haja ya kukaa pamoja.

Makundi ya WhatsApp ya wazazi yana shida nyingine ndogo yenye madhara makubwa: kila aliyemo anaona nambari ya kila mzazi. Msimamizi wa kundi asiyefuta waliohamisha watoto miaka miwili iliyopita anatunza orodha ya nambari za akina mama mikononi mwa watu asiowajua tena.

"Tuyamalize nyumbani"

Jambo linapotokea, njia ya kwanza huwa ya ukoo. Wazee hukutana, familia ya kijana hukubali kosa, kitu hutolewa, mtoto huambiwa asiseme. Nia ya wazee inaweza kuwa njema: kulinda jina la msichana, kulinda ujirani. Lakini kisheria hawana mamlaka hayo. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, uamuzi wa kusitisha mashtaka ya aina hii si wa familia wala wa chifu. Na mwenye picha hubaki nazo.

Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua waziwazi unyanyasaji wa mtandaoni, pamoja na kumtongoza mtoto, kumwonea na kumfuatafuata kwa njia ya kielektroniki. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, kifungu cha 24, inaweka adhabu ya hadi miaka 25 jela au faini ya hadi Sh20 milioni, au zote mbili, kwa anayetengeneza, kusambaza au kumiliki picha za ngono za mtoto.

Hapa wazazi wema huingia matatani. Mama akikuta picha ya namna hiyo, hasira humtuma aisambaze kwenye kundi la kanisa ili wengine wajihadhari, au aitume kwa dada zake kuuliza afanye nini. Sheria haitofautishi. Kuisambaza ni kosa, na kila nakala mpya ni madhara mapya kwa mtoto yuleyule.

Kinachotakiwa ni kuacha simu kama ilivyo. Usifute mazungumzo, usimjibu mkosaji, usimtishe. Andika nambari yake, jina la akaunti na saa. Peleka simu polisi au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) ina kitengo maalumu cha kulinda watoto kinachoshughulikia kesi za mtandaoni. Ikiwa mtoto ameguswa kimwili, hospitali ije kwanza na ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hazifanyi kazi baada ya hapo. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe.

Na mtoto asipigwe. Mtoto aliyechapwa kwa kuitumia simu hatasema tena, na mkosaji analijua hilo kuliko mzazi.

Kwenye mizani

Nyumbani kuna hatua chache zisizogharimu kitu, na zinamfaa hata mzazi asiyesoma vizuri. Badilisha mchoro wa kufungua simu uwe nambari, na usimtajie mtoto PIN ya M-Pesa hata ukiwa na unga mikononi. Simu nyingi za Android zina njia ya kubana skrini kwenye programu moja, ili mtoto aliyefunguliwa WhatsApp asiweze kutoka bila nambari yako. Fundi wa simu sokoni anaweza kukuonyesha kwa dakika moja. Simu isiende kitandani na mtoto. Na kazi ya shule ifanywe pale unapopikia.

Lakini hatua hizo zitafikaje kambini? Warsha za usalama wa mtandaoni hufanyika hotelini, kwa Kiingereza, kwa watu wenye vitambulisho vya mkutano shingoni. Mpango wa taifa wa kupambana na unyanyasaji wa kingono wa watoto mtandaoni uliandikwa kwa miaka ya 2022 hadi 2026, na muda wake unakatika. Mpango utakaoufuata uje mahali watu walipo.

Watu wako kwenye mizani. Mkulima mdogo hupeleka majani kwenye kituo cha ununuzi, akapanga foleni, akamngoja karani na gari la kiwanda. Foleni hiyo ni ndefu na watu hawana la kufanya. KTDA ina viwanda kote katika kaunti hizi mbili, na vituo vya ununuzi viko karibu kila kijiji. Bango moja kwa Kiswahili na Kipsigis, lenye nambari ya msaada, lingesomwa na watu wengi kuliko tovuti yoyote ya wizara. Kampuni za mashamba makubwa zina kambi, zina zahanati na zina shule. Zianze mwezi huu. Kass FM, Chamgei FM na Kitwek FM husikika hadi katikati ya mashamba. Zitenge nusu saa kwa wiki, kwa lugha ambayo kogo hahitaji kutafsiriwa na mjukuu.

Machifu nao wana baraza. Ajenda ya pombe haramu na mifugo iliyoibwa ni muhimu. Hii pia iwemo, na isingoje mtoto wa mtu ajulikane kijiji kizima.

Nambari ya msaada kwa watoto nchini Kenya ni 116. Ni ya bure, hupokelewa usiku na mchana, na hupatikana hata kwa simu ndogo ya kabambe isiyo na intaneti. Ukiwa na taarifa ya uhalifu, laini ya DCI isiyolipiwa ni 0800 722 203. Mwandikie mtoto wako 116 nyuma ya jalada la daftari lake leo, umwambie kwamba akiipiga hutamuuliza kwa nini alikuwa na simu.